Kuanika nguo nje wakati wa kipupwe Nyanda za Juu Kusini: kwa nini hazikauki, na tufanyeje?

Mwalimu_Mgeni ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu niliyehamishiwa Njombe mwanzoni mwa mwaka huu nikitokea Tanga, na hiki ndicho kipupwe changu cha kwanza huku juu. Kule nilikotoka, nguo ikianikwa asubuhi huanuliwa kabla ya adhuhuri, na tulichohofia zaidi ni jua kupausha rangi. Huku nimekuta mambo mengine kabisa. Tangu mwezi Juni uanze, ukungu hushuka usiku na kukaa hadi saa nne asubuhi, siku nyingine hadi mchana, na nguo ninazoanika alfajiri hukutwa saa nne zikiwa zimelowa kuliko nilivyozitundika. Shuka nzito na suruali za jinzi hukaa kambani siku kadhaa, na zinapokauka huwa tayari zimeshika harufu ya uvundo ambayo pasi haiiondoi, bali huiamsha zaidi.

Nina mtoto mchanga anayevaa nepi za kitambaa, na nina wengine wawili wa shule ambao kila mmoja ana sweta moja tu ya sare, kwa hiyo jambo hili kwangu si la kupendeza macho tu. Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, ni baridi yenyewe inayozuia nguo zisikauke, au kuna sababu nyingine? Nauliza hivyo kwa sababu jirani zangu huanika hata siku ambazo mimi naona hakuna maana ya kuanika, na nguo zao hukauka. Pili, nasikia kwamba Makete na maeneo ya Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, huanguka hadi majani yanakuwa meupe. Je, nguo iliyosahauliwa kambani ikapigwa na sakitu huharibika? Tatu, mtu mmoja amenishauri nitundike nguo chumbani usiku na kuweka jiko la mkaa katikati yake. Moyo wangu umesita, lakini sina njia nyingine ninayoijua. Nitashukuru kwa maelezo ya mtu yeyote anayeishi kwenye baridi.

---

Mama_wa_Makete amejibu:

Mwanangu mwalimu, karibu sana Nyanda za Juu. Hao jirani zako hawana siri yoyote ila wanajua saa ya kuanika na saa ya kuanua, na hizo saa za huku si za pwani.

Usianike alfajiri. Fua mapema ukitaka, suuza, kamua, kisha tundika nguo chini ya upenu wa nyumba zichuruzike maji, usizirundike kwenye beseni. Ukungu ukiwa bado uko chini, kila kitu kilichoko nje kinapokea maji badala ya kuyatoa. Njia yetu ya kujua kwamba wakati umefika ni kupita kwenye majani ya uani: yakiwa bado yanalowesha miguu, kamba nayo bado imelowa. Majani yakikauka, chukua kitambaa kikavu uifute kamba toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maji yaliyoning'inia kwenye kamba huingia moja kwa moja kwenye upindo wa nguo, na kama kamba yako ni waya wa seng'enge huingia pamoja na kutu, na doa la kutu halitoki kirahisi.

Jambo la pili ni kukamua, na hapa ndipo watu wengi waliotoka kwenye joto hawajui umuhimu wake, maana kule jua huwasaidia. Shuka ikamuliwe na watu wawili, kila mmoja akisokota upande wake mpaka isitoe tone. Kama uko peke yako, ipitishe kwenye nguzo, ukunje ncha mbili pamoja na usokote. Nepi na nguo ndogo za mtoto zitandaze juu ya taulo kavu, kunja taulo pamoja nazo kama unavyokunja mkeka, kisha likanyage polepole kwa miguu misafi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utashangaa jinsi taulo litakavyolowa. Maji hayo yote yangekuwa kazi ya upepo.

Tatu ni mahali. Nyumba nyingi za huku zimezungukwa na uzio wa misonobari au mikaratusi iliyopandwa kuzuia upepo wa kusi, na mgeni hupenda kuanika ndani ya uzio huo kwa kuwa ndiko anakohisi joto. Nguo haihitaji kukingwa na upepo, inahitaji kupigwa nao. Toa kamba nje ya uzio, ifunge juu kiasi kwamba shuka haikaribii majani, na ikiwezekana iwe upande wa mteremko ulio wazi badala ya bondeni. Wakulima wa viazi wanajua kwamba hewa ya baridi huteremka na kulala bondeni, na sakitu huanza huko.

Ikifika saa nane mchana, nenda ukazigeuze nguo. Sehemu iliyolala juu ya kamba, mifuko, kola na viuno vya suruali hubaki vibichi wakati kwingine kote kumekauka, na ndiko uvundo unakoanzia. Suruali igeuze nje ndani na ibane kwa kiuno ili mdomo wake ubaki wazi upepo upite miguuni. Saa kumi alasiri anua kila kitu, hata kama hakijakauka sawasawa, ukihamishie chini ya upenu. Jua likishaegemea, unyevu hurudi haraka kuliko unavyodhani.

---

Kipimajoto amejibu:

Naomba kulijibu swali la kwanza, kwa kuwa nafundisha fizikia na naliona ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vyetu vya kiada. Mama wa Makete ameeleza kwa usahihi nini cha kufanya. Mimi nitaeleza kwa nini kinafanya kazi.

Maji huondoka kwenye kitambaa kwa kugeuka mvuke, na mvuke huo lazima upate nafasi hewani. Hewa ina kikomo cha mvuke inaoweza kubeba, na kikomo hicho hupungua kadiri baridi inavyoongezeka. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Ikiwa na nyuzi 15 inabeba gramu 13 hivi. Ikiwa na nyuzi 5 inabeba gramu 7 tu. Ukiishia hapo utadhani kwamba baridi ndiyo adui. Lakini kinachokausha nguo ni nafasi iliyobaki baada ya kuondoa mvuke ambao tayari umo hewani, na hapo hesabu hubadilika sana.

Chukua siku ya kawaida ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, yaani hewa imekwisha kubeba robo tatu ya kikomo chake. Nafasi iliyobaki ni gramu 7 na nusu hivi kwa kila mita ya ujazo. Sasa chukua mchana wa kipupwe ambao ukungu umeondoka, joto ni nyuzi 15 na unyevu umeshuka hadi asilimia 50. Nafasi iliyobaki ni gramu 6 na kitu. Unaona kwamba mchana huo wa baridi haujaachwa mbali na pwani hata kidogo. Rudi sasa kwenye asubuhi ya ukungu yenye nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 95: nafasi iliyobaki haifiki hata nusu gramu. Nguo ileile, kamba ileile, siku ileile, lakini uwezo wa hewa kuikausha kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana unatofautiana zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba baridi hupunguza kasi, lakini kinachozuia kabisa ni hewa iliyoshiba maji na isiyotembea.

Upepo nao una kazi yake mahususi. Kitambaa kibichi hujizungushia tabaka jembamba la hewa ambayo imekwisha kushiba mvuke unaotoka kwenye kitambaa hichohicho. Hewa isipotembea, tabaka hilo hukaa palepale na kukauka kunakaribia kusimama hata kama mita moja pembeni hewa ni kavu. Upepo huliondoa na kuleta hewa mpya. Hii ndiyo sababu nguo mbili zilizobanana kambani hunyimana, na ndiyo sababu ni heri kuanika nusu ya nguo leo na nusu kesho kuliko kuzisukuma zote kwenye kamba moja.

Niongeze jambo moja kuhusu kuanika ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa watu wengi hawalitazami kwa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye urefu wa mita 2 na nusu kina mita za ujazo 30 za hewa. Hata hewa hiyo ikiwa ni ile kavu ya mchana, nafasi yake yote ni chini ya gramu 200, yaani chini ya robo lita ya maji. Beseni la nguo zilizokamuliwa kwa mkono linaweza kuwa na lita 4 au 5. Yaliyobaki yatakwenda wapi? Yatakaa kwenye nguo, kwenye kuta, kwenye godoro na nyuma ya kabati. Nguo zikilazimika kuanikwa ndani, fungua madirisha ya pande mbili mchana, ukungu unapokuwa umeondoka, hewa ipite.

---

Muuguzi_Iringa amejibu:

Nashukuru kwa maelezo yaliyotangulia. Mimi nimeguswa na swali la tatu, na naomba mwalimu alisome jibu langu kabla ya usiku wa leo.

Usiweke jiko la mkaa katika chumba ambacho watu wanalala, si kwa nguo, si kwa kuota moto, si kwa sababu nyingine yoyote. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mkaa ukishashika vizuri na moshi kuisha, watu hudhani hatari imekwisha, kumbe gesi inaendelea kutoka. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, lakini aliyelala hazisikii. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo hudhurika mapema. Kila msimu wa baridi katika mikoa yetu ya juu tunapata habari za watu walioingiza jiko ndani na hawakuamka. Mtu akianza kuumwa kichwa ndani ya chumba chenye jiko, mtoeni nje kwenye hewa mara moja, jiko litolewe, na apelekwe kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu. Haya yote sijataja hatari ya sweta kudondokea kwenye moto.

Kama una jiko la nje, yaani lile lililojengwa mbali na nyumba ya kulala na lenye uwazi chini ya paa, hapo unaweza kutundika nepi mchana, mbali na moto kiasi cha mkono kutohisi joto kali, na mtu mzima akiwepo. Pasi ya mkaa vilevile iwashwe nje na itumike mlango ukiwa wazi.

Kuhusu harufu ya uvundo: hiyo si harufu ya maji, ni kazi ya bakteria, na mmojawapo anayejulikana kwa hilo ni Moraxella osloensis, ambaye huongezeka kwenye nguo inayokaa mbichi kwa saa nyingi. Akishajenga makazi yake kwenye nyuzi, kufua kwa maji baridi hakumwondoi, na ndiyo sababu unaona pasi inaiamsha harufu. Nguo za pamba zenye harufu hiyo zilowekwe kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi pamoja na sabuni, zikae mpaka maji yapoe, zifuliwe na kusuuzwa vizuri, kisha zianikwe siku yenye jua tupu. Sweta za sufu zisiguswe na maji hayo, zitasinyaa.

Nepi za mtoto nakuomba uzipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Sababu ya kwanza ni kumalizia unyevu, kwa kuwa nepi inayoonekana kavu kwa jicho inaweza kuwa bado na ubichi unaochubua ngozi. Sababu ya pili itakuhusu zaidi utakaposhuka kwenda sehemu za joto: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na kiluwiluwi chake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu lenye tundu dogo katikati. Si yule funza wa miguuni. Joto la pasi huua mayai hayo. Nguo iliyo juu ya kamba, kwenye jua kali, si mahali anapopenda kutaga.

---

Mwalimu_Mgeni ameandika:

Shikamoo Mama wa Makete, na nawashukuru wote. Suala la jiko limekwisha nyumbani kwangu, halitaingia chumbani. Leo nimehamisha kamba na kuitoa nje ya uzio wa misonobari, na tofauti nimeiona kwenye shuka moja kabla ya alasiri. Nimebakiwa na mambo mawili. Kuna siku ukungu hauondoki kabisa na upepo hauvumi. Siku hizo mtu anafanyaje? Na mablanketi mazito pamoja na sweta za shule, ambazo zikitundikwa kwa mabega hurefuka mikono hadi zinakuwa za mtu mwingine, zianikwe vipi?

---

Mkaazi_Limuru amejibu:

Hujambo mwalimu. Huku Limuru, Kenya, mwezi wa Julai unaweza kupita na jua ukalihesabu kwa saa badala ya siku, kwa hiyo swali lako la siku zisizo na upepo ni letu sisi hasa. Namheshimu sana Mama wa Makete, ila kwa hali ya huku kanuni ya kuanua saa kumi haitoshi, kwa sababu kuna siku ambapo hakuna saa iliyo kavu kabla ya hiyo saa kumi. Kinachotusaidia ni banda la kuanikia.

Banda lenyewe ni rahisi: nguzo nne, paa lenye mwinuko, na pande zote wazi kabisa. Wengine hutumia mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Wengine, kwa kuwa kilimo cha maua na mboga kimeenea huku, hutumia karatasi ya nailoni inayofunika vitalu. Watu wengi hukosea hapa kwa kuifunga nailoni hiyo pande zote wakidhani wanatengeneza joto. Joto wanalipata kweli, lakini mvuke nao unabaki ndani, unagandia kwenye nailoni na kuwadondokea nguoni. Acha pande wazi, na juu kabisa kwenye kipeo acha mwanya wa kutolea hewa ya moto.

Faida kubwa ya paa huonekana usiku. Umande haunyeshi kutoka juu kama mvua; nguo iliyo chini ya anga tupu hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka inakuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na hapo mvuke wa hewani hugeuka maji juu yake. Ukiweka paa katikati ya nguo na anga, nguo haipoi kiasi hicho, na umande hubaki juu ya bati. Kwa hiyo nguo za chini ya banda hazihitaji kuanuliwa jioni. Zitakauka polepole usiku kama hewa inaruhusu, na isiporuhusu angalau hazirudi nyuma, na asubuhi utaanzia pale ulipoishia jana badala ya kuanza upya.

Kama una mashine ya kufulia, au jirani anayo, peleka nguo nzito zizungushwe tu bila kufuliwa, tena kwa kasi kubwa. Mzunguko mzuri huacha maji kama nusu ya uzito wa nguo kavu, na hakuna mikono ya kibinadamu itakayofikia hapo kwa jinzi. Siku za ukungu mzito, fua tu vile ambavyo haviwezi kusubiri. Sisi huku tunapanga: wiki ikianza vibaya, shuka zinangoja, nepi na sare hazingoji.

---

Msafiri_Ottawa amejibu:

Nasoma nikiwa Ottawa, Kanada, ambako mwezi wa Januari nyuzi 10 chini ya sifuri ni hali ya kawaida, na kwa kuwa nimelelewa Mbeya nimeona swali la sakitu linanihusu pande zote mbili.

Nguo ikiganda haiharibiki kwa kuganda peke yake. Kitakachoiharibu ni mikono yako. Maji yaliyo katikati ya nyuzi yanakuwa barafu, suruali inasimama wima kama ubao, na ukiikunja kwa nguvu ili iingie kwenye beseni unaweza kukata nyuzi, hasa kwenye pamba iliyochakaa. Shati lililogandia kwenye kamba nalo likivutwa huacha kipande. Kwa Njombe na Makete, ambako sakitu huyeyuka jua likipanda, njia bora ni kuiacha nguo palepale mpaka ilainike yenyewe, kisha kuendelea kuianika kama kawaida. Vibanio vya plastiki huwa vikavu na kukatika kwenye baridi hiyo. Vya mbao huvumilia zaidi. Wazee wa huku pia huweka chumvi kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia ili nguo isishikwe na kamba, kwa kuwa maji ya chumvi huchelewa kuganda.

Jambo ambalo huenda wengi hawalijui ni kwamba nguo iliyoganda huendelea kukauka. Barafu inaweza kugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, mradi hewa ni kavu na kuna upepo na jua. Ni kazi ya polepole sana, na kwa kawaida nguo huingizwa ndani ikiwa na ubichi kidogo wa kumalizia, lakini maji mengi yanakuwa yameshaondoka. Shuka zilizokaushwa hivyo zina usafi wa harufu ambao mashine ya kukaushia haiutoi. Kuna watu waliopigania jambo hili: mitaa mingi ya huku ilikuwa na masharti ya wajenzi yaliyokataza kuanika nguo nje kwa madai kwamba zinaharibu sura ya mtaa, na mwaka 2008 serikali ya jimbo la Ontario iliondoa nguvu ya masharti hayo ili watu waweze kuanika na kuokoa umeme. Binafsi niliona ni uamuzi wa haki kabisa.

Nataka hata hivyo nimtahadharishe mwalimu juu ya ushauri wa mitandaoni unaotoka nchi za theluji, ule unaosema kwamba kuanika ndani majira ya baridi ni vizuri kwa afya. Kwetu hapa ni kweli, kwa sababu hewa ya nje ni ya baridi kali na ina mvuke mdogo sana. Ikiingia na kupashwa joto hadi nyuzi 20 na kitu inakuwa kavu mno, midomo inapasuka, na nguo mbichi sebuleni huongeza unyevu unaohitajika. Nyumba ya Njombe haina mfumo wa kupasha joto, na hewa yake ya kipupwe tayari ina unyevu. Ukichukua ushauri huo ulivyo utajikuta na kuvu ukutani na mtoto mwenye kifua.

---

Mama_wa_Makete amejibu tena:

Marahaba mwalimu. Mwenzetu wa Limuru amesema vizuri na simpingi. Mwenye uwezo wa kujenga banda na alijenge, nami nimemwambia mwanangu aanze kutafuta nguzo.

Sasa mablanketi. Blanketi usilitundike kwenye kamba moja likakunjika katikati, kwa sababu pande mbili zitagusana na kukaa mbichi ndani. Funga kamba mbili sambamba, umbali wa hatua moja, ulilaze blanketi juu ya zote mbili ili upande mmoja uning'inie huku na mwingine kule, na katikati lilale kama paa. Upepo utapita chini yake na ndani yake. Maji yatashuka na kukusanyika kwenye pindo za chini. Kila ukipita, zikamue hizo pindo kwa mkono. Tena blanketi halihitaji kufuliwa mara kwa mara katika majira haya. Lianike kavu, siku yenye jua, lipigwe na upepo na kukung'utwa kwa fimbo, na ufuaji mkubwa uache mpaka Septemba, baridi ikishapungua na mvua hazijaanza.

Sweta kwanza itazame ni ya aina gani. Nyingi za sare ni za nyuzi za viwandani, si sufu, na hizo hazinywi maji mengi. Ukizikanyaga ndani ya taulo kama nilivyoeleza, zitakauka siku hiyohiyo hata jua likiwa hafifu. Ya sufu hunywa maji mengi na uzito huo ndio unaorefusha mikono. Usiitundike. Ilaze juu ya kitanda cha kamba au wavu uliotandazwa juu ya viti viwili, uinyooshe iwe na umbo lake, na baada ya saa chache uigeuze. Kama huna wavu, pitisha soksi ndefu au kamba nene toka mkono mmoja hadi mwingine kupitia kwapani, kisha ubane hiyo kamba na si sweta yenyewe.

Kwa kuwa watoto wana sweta moja moja, zifue Ijumaa wakirudi shule na si Jumapili jioni. Usiku wa Ijumaa zitakuwa chini ya upenu zimeshakamuliwa kwenye taulo, Jumamosi na Jumapili utakuwa na michana miwili, na hata mmoja ukiliwa na ukungu, wa pili utatosha.